Umeme Uliochoka

Watu wengi wakisema umeme, wana maneno mawili tu: upo, haupo. Taa ikiwaka wanapiga makofi, ikizimika wanatukana. Mimi nilifanya kazi miaka minane na mwanamke aliyejua kwamba umeme unaweza kuwepo na ukawa mbaya, kama maziwa yanavyoweza kuwepo kwenye kibuyu na yakawa yameharibika. Hakusoma hata darasa moja. Jina lake Mokami, sisi tukimwita Mama Gati kwa jina la binti yake mkubwa. Kila nikikumbuka alivyofanyiwa, na nilivyomfanyia mimi mwenyewe, damu inanichemka mpaka leo.

Alizaliwa milimani huku kwetu Tarime, mwaka haujui. Aliolewa mapema, akazaa sita, wakabaki watatu, mume akamwacha mjane akiwa bado na nguvu za kulima ekari mbili kwa jembe. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Akiweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe na kutega sikio, alikwambia huyu amekula jani baya, huyu ana ndama amekaa vibaya. Watu walimwita kutoka mbali. Halafu mwaka 1974 ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Mgambo walipanda juu ya nyumba yake wakang'oa paa yeye akiwa ndani anapika, wakamwambia nyumba yake mpya iko Kebwirongo, mstari wa tatu. Nyumba yenyewe ilikuwa miti minne imesimama, haina hata nyasi. Ng'ombe wake hawakupata malisho karibu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa hana hata mmoja.

Ndipo akapewa kazi ya kufagia kwenye kituo cha afya cha kijiji. Mimi, Agustina, nilikuwa msaidizi wa muuguzi hapo, nimetoka shule juzijuzi, nina miaka ishirini na maringo ya darasa la saba. Nilimwona kama bibi wa ufagio tu. Nisamehewe.

Kituo kilikuwa na jenereta, moja ya zile za dizeli zinazowashwa kwa kuzungusha mkono, iliyoletwa na wafadhili pamoja na friji la chanjo. Kazi yake ilikuwa ndogo: friji, taa ya chumba cha kuzalishia, na jiko la kuchemshia sindano. Ilikaa kwenye kibanda cha mabati, hatua arobaini kutoka chumba cha chanjo. Mwendeshaji alikuwa Marwa, kijana mpole, mikono myeusi kwa grisi saa zote. Marwa ndiye aliyemwoa Gati. Kwa hiyo mfagiaji wa kituo alikuwa mama mkwe wa mwendesha mashine.

Kwetu hilo si jambo la kucheka. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Mama Gati akimwona Marwa anakuja njiani, alikata kona ya shamba la watu. Marwa akisikia sauti yake, aliingia nyuma ya kibanda. Si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na wote wawili waliishika sana.

Sasa jenereta ilikuwa na mita moja ya kupimia volti, na mita hiyo ilikufa mwezi wa tatu tangu ifungwe. Sindano yake ilinasa kwenye mia mbili na ishirini. Ukiwasha mashine, mia mbili na ishirini. Ukizima mashine ukaenda kula, mia mbili na ishirini. Marwa alimwandikisha mganga wetu, mkuu wa kituo, barua tatu za kuomba mita nyingine, na jibu la barua hizo tunalingoja mpaka kesho. Plagi ya friji nayo ilipasuka, na plagi ya namna ile haikuwepo dukani Tarime wala Musoma, kwa hiyo friji likaungwa kwa waya moja kwa moja ukutani. Kulizima ilikuwa lazima uende kwenye kibanda uzime mashine yenyewe. Hayo ndiyo mambo tuliyoishi nayo. Kila kitu hakuna, na ukilalamika unaulizwa wewe ni mzalendo au nani.

Basi siku moja Mama Gati anafagia chumba cha chanjo, akasimama. Akaweka ufagio chini, akaweka kiganja ubavuni mwa friji.

"Agustina," akasema, "huyu mnyama anaumwa."

Nilicheka. Nikamwambia, "Mama, friji haliumwi, linanguruma hivyo hivyo."

"Linanguruma hivyo hivyo siku zote. Leo linakoroma. Linataka kusimama halina nguvu. Nenda kamwambie huyo wa Gati mashine yake imechoka."

Nilikwenda kwa kumridhisha tu. Marwa alisikiliza, akaangalia mkono wa mafuta, ule wa kuongeza na kupunguza mwendo, akakuta umelegea na mashine imepunguza mwendo. Akaukaza. Niliporudi, Mama Gati alikuwa ameshashika ufagio wake. Friji lilikuwa limetulia.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Jenereta ile ilikuwa na tabia zake: dizeli ikiwa chafu inavuta pumzi, jiko la sindano likiwashwa inazama, jiko likizimwa inaruka juu mpaka taa inang'aa nyeupe. Mama Gati alisikia yote kwa kiganja. Alikuwa na maneno yake: umeme mchovu, umeme wenye hasira, umeme uliolala vizuri. Aliniambia, nami natembea hatua arobaini kumwambia Marwa, naye anakaza au analegeza. Wenyewe hawakusemezana hata neno moja. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Friji likaenda zaidi ya mwaka bila kuharibika, na chanjo zikakaa salama. Vituo vingine vilikuwa na mita nzima na mafriji yao yalikuwa yamekufa zamani.

Halafu akajiingiza Nikolaus.

Nikolaus alikuwa katibu wa kijiji. Mtu wa kwetu, kasoma, ana kalamu mbili mfukoni na moja haiandiki. Sherehe za Saba Saba za mwaka 1976 zilipokaribia, akapata habari kwamba wageni wa wilaya watapita Kebwirongo kuangalia maendeleo. Akataka kuwaonyesha kitu. Ikatafutwa mashine ndogo ya kusaga ya mota, ikafungwa ghalani, na waya ukavutwa kutoka kibanda cha jenereta mpaka kule juu ya nguzo za mikaratusi. Marwa alimwambia waziwazi, mimi nikiwepo, "Ndugu Katibu, jenereta hii haiwezi mota ya kusaga. Itazama, na friji litaungua."

Nikolaus akaonyesha ile mita iliyokufa. "Si mia mbili na ishirini hiyo? Au hujui kusoma?"

"Imenasa, Ndugu Katibu. Hata nikizima inasoma hivyo hivyo."

"Taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Basi umeme upo. Acha kurudisha nyuma maendeleo ya watu."

Umeme upo! Sijui ni mara ngapi nimetaka kumkaba koo kwa maneno hayo mawili.

Saba Saba ikafika. Saa nne asubuhi ngoma zinalia uwanjani, mganga wetu amekwenda Tarime kufuata dawa, muuguzi yuko na mzazi. Friji lilikuwa limejaa chanjo ya surua, imefika Jumatatu ya wiki ileile, ya kuchanja watoto wote wa Kebwirongo na vijiji viwili vya jirani. Vijiji vipya vile, watu wamebanana mlango kwa mlango, surua ilikuwa ikiingia haitoki mikono mitupu. Mama Gati alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na friji, kiganja ubavuni. Nadhani alijua.

Mashine ya kusaga ikawashwa. Taa ya chumba chetu ikawa nyekundu kama kaa. Friji likashtuka, likanyamaza, likajaribu kusimama, likashindwa, likaanza kulia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mama Gati akaruka.

"Agustina! Kimbia kamwambie azime. Asingoje mtu. Azime sasa hivi!"

Nilikimbia. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya nilichofanya. Kibandani nilimkuta Marwa amesimama kama mshtakiwa, Nikolaus ubavuni pake, na wageni wawili wamevaa suti za viongozi wanaangalia mashine inavyotetemeka. Wazee watatu mlangoni. Nikaona aibu. Amri ya mama mkwe kwa mkwe wake, mbele ya wazee na wageni, nimfokee mtu mzima kwamba mama wa mke wako anasema zima? Na katibu ananitolea macho? Neno lile nikaliosha, nikalilainisha kama uji wa mgonjwa.

Nikasema, "Shikamooni. Mama anasalimia. Anasema friji linalalamika kidogo."

Marwa akaitikia kwa kichwa. Akafungua mkono wa mafuta mpaka mwisho. Ndicho alichofanya siku zote nilipomletea habari hiyo. Lakini siku hiyo mashine haikuwa na cha kuongeza. Nikolaus akanifukuza kwa mkono kama kuku.

Nikarudi. Mama Gati akaniuliza, "Umemwambia azime?"

"Nimemwambia, Mama."

Akatega sikio. "Mbona haizimi? Umemwambia kwa maneno yangu?"

"Kwa maneno yako, Mama."

Akaniamini. Akangoja, amesimama, ameshika friji kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe asianguke. Alikuwa anajua kwamba nje ya mlango ule, hatua arobaini, kuna mkwe wake, na kwamba ameshapelekewa neno. Tulisikia harufu ya waya kuungua kabla hatujaona moshi. Kule ghalani watu walikuwa wanashangilia debe la kwanza la unga.

Mota ya friji ilikufa palepale. Barafu hatukuwa nayo. Siku ya tatu mganga akamwaga chanjo yote shimoni, mwanaume mzima, machozi yanamtoka.

Nikolaus hakungoja hata wiki. Akaandika barua wilayani kwamba mwendesha mashine ameunguza mali ya umma kwa makusudi, mbele ya wageni, kwa sababu ana chuki na kijiji tangu nyumba ya ukoo wake ilipobomolewa wakati wa operesheni. Hujuma. Siku zile neno hilo likishakuangukia, hata ndugu zako wanapunguza kukutembelea. Marwa akawekwa rumande Tarime wiki tatu, akaachiwa kungoja uchunguzi. Uchunguzi wenyewe ukaja mwezi wa tisa, wakati surua imeshaingia na tumeshazika watoto kumi na mmoja. Kwa miezi miwili yote hiyo mimi nilikuwa na neno langu kifuani, na sikulitoa. Nilijiambia hawataniuliza.

Mkoa ulimtuma fundi wa umeme, mzee mmoja mfupi anaitwa Filemoni, na mita yake ya mkononi ndani ya mfuko wa ngozi. Akakaa mbele ya kituo na kijiji kizima kimemzunguka. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Siku ile nani wa kwanza kujua kwamba umeme ni mbaya?"

"Mama Gati," watu wakasema.

Nikolaus akacheka. "Ndugu Fundi, huyo ni mfagiaji. Anapapasa friji kama ng'ombe. Mita ilikuwa inasoma sawasawa, mimi mwenyewe niliiona."

Filemoni aliinuka, akaingia kibandani na mashine imezimwa, akaitazama mita iliyokuwa inasoma mia mbili na ishirini. Alipotoka hakumwangalia Nikolaus. Akamwendea Mama Gati.

"Shikamoo, mama. Unaweza kunionyesha unavyojua?"

"Friji limekufa, mwanangu."

Wakaleta feni ya meza ya mganga. Nilidhani itawekwa chumba cha chanjo kama kawaida, nami nitembee na maneno. Filemoni akakataa. "Feni iwekwe humu kibandani. Mama hapa, mwendeshaji pale, mimi na mita yangu katikati. Sitaki mtu wa kupokezana maneno. Nataka nisikie mwenyewe."

Mzee wa watu alikuwa mgeni, hakujua alichoomba. Kibanda kile upana wake hakikufika hatua nne. Nikolaus alijua vizuri sana, na nilimwona anatabasamu. "Haiwezekani," akasema. "Huyu ni mama mkwe wa mshtakiwa. Kwa mila zetu hawezi kuingia. Andika tu kwamba ushahidi hakuna." Yeye huyo, aliyesimamia paa za watu zing'olewe, ambaye kila mkutano alitwambia mila ni adui wa maendeleo, siku hiyo akawa mlinzi wa mila!

Mama Gati akavuta kanga yake mpaka usoni. Akaingia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akashika mdomo. Ndani, Marwa alikuwa ameinama juu ya mashine. Mama Gati akageukia ukuta, mgongo kwa mkwe wake, akaweka kiganja kwenye feni.

"Marwa," akasema. Jina lake, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake. "Punguza."

Marwa akazidi kuinama. Filemoni akamgusa bega. Akapunguza.

"Bado. Punguza. Bado... hapo. Hapo umechoka, lakini friji linavumilia."

"Mia moja tisini na tano," Filemoni akasema, akiangalia mita yake.

"Ongeza, Marwa. Ongeza. Hapo umelala vizuri."

"Mia mbili ishirini na mbili."

"Ongeza tena. Huo sasa una hasira, utaunguza taa."

"Mia mbili hamsini." Filemoni akavua miwani akaifuta. Mita ya ukutani, wakati wote huo, ilikuwa inasoma mia mbili na ishirini.

Halafu Mama Gati akasema, bado anatazama bati la ukuta, "Sasa mwambieni Ndugu Katibu awashe unga wake." Mashine ya kusaga ikawashwa. Feni ikazubaa. Marwa akafungua mafuta mpaka mwisho, moshi mweusi ukatujaa, na mita ya Filemoni ikasoma mia moja na sitini. Haikupanda.

"Siku ile ulikuwa hivi," Mama Gati akasema. "Hivi hivi. Na friji lilikuwa linaulilia."

Watu wakaanza kunong'ona, na Nikolaus akawa anafuta jasho. Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini Filemoni alikuwa mtu wa kufuata jambo mpaka mwisho. "Mama, ulipojua hivyo ulifanya nini?"

"Nilimtuma Agustina amwambie azime."

"Ndugu Marwa, uliambiwa uzime?"

Marwa hakuinua kichwa. Akisema sikuambiwa, amemfanya mama mkwe wake mwongo mbele ya kijiji, siku ileile aliyoivua aibu yake kwa ajili yake. Mkurya gani aliyelelewa atafanya hivyo?

"Niliambiwa," akasema.

"Na hukuzima?"

"Sikuzima."

Nikolaus akapata sauti tena. "Andika hapo! Ameambiwa na mama mkwe wake, amekataa. Hujuma ni nini kama si hiyo?"

Filemoni akainamisha kichwa, akaandika. Mimi nilisimama mlangoni. Sitaki kujipamba: aliandika mstari mzima nami nimenyamaza. Nilimfikiria katibu, nikafikiria kazi yangu, nikafikiria macho ya watu wote walionizunguka. Mgambo akamshika Marwa mkono. Mama Gati alikuwa bado ameelekea ukutani, na mabega yake yalikuwa yameshuka. Alidhani ni kweli. Alidhani mkwe wake alipata neno lake akalidharau.

"Hakuambiwa," nikasema. "Mimi sikumwambia azime. Nilimwambia friji linalalamika kidogo. Niliona aibu."

Mama Gati akageuka. Kanga ilikuwa imeanguka mabegani, na Marwa alikuwa mbele yake, hatua mbili, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Filemoni akakata ule mstari, akaandika mwingine, akapiga sahihi. Marwa akarudishiwa mashine yake. Nikolaus hakufanywa kitu. Baada ya miezi mitatu alihamishiwa kijiji kikubwa zaidi, chenye ofisi ya matofali, na nasikia huko nako alivuta nyaya. Friji jipya lilichelewa miaka minne. Ile mita haikubadilishwa kamwe.

Mama Gati aliendelea kufagia kituo mpaka miguu ilipomshinda. Jiko la sindano lilipoivuta jenereta chini, aliona kwenye taa, akaweka ufagio, akatembea mwenyewe hatua arobaini, akasimama nje ya kibanda mgongo kwa mlango, akasema anachotaka kusema. Marwa aliitikia. Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Mimi naye tulisalimiana kila asubuhi, nikamwambia shikamoo akaitikia marahaba, tukafanya kazi chumba kimoja miaka mingine sita, na katika miaka hiyo yote hakunituma tena kokote, hata kumletea maji.